Feri Iliyomwacha Mwanarusi

Kwa watu wa Timbwani, huko Likoni, Mwanarusi alikuwa mwanamke aliyetunzwa. Akipita njiani na buibui lake, wenziwe walimtazama kuanzia kisigino hadi mtandio, wakasema, "Mashaallah, Rama akutunza," na Rama mumewe, mpakuzi wa makontena bandarini, akisikia hayo alitembea kifua mbele siku nzima. Watu wa bara wana mambo yao ya kupimana kwa mizani. Kwetu sisi mwanamke aliyeolewa akikonda ndipo watu huanza kunong'ona: ana sukari, au mume ameoa wa pili kwa siri, au amepigwa jicho. Basi Mwanarusi alinenepa kwa amani, akipika mikate ya sinia ya kuuza, makaa chini na makaa juu, akionja kila sinia kama inavyotakiwa, na hakuna aliyemwambia neno baya.

Mamake ndiye aliyemzoesha utaratibu. Tangu utotoni Mwanarusi alikuwa kibonge, akikimbia huanguka, akianguka hulia, na mamake alikuwa akimwinua na kumfuta magoti huku akisema, "Usikimbie, mwanangu. Waache wenye haraka waende." Alimfundisha na adabu. Mama akiita, mtoto wa kike haitiki "nini" wala "eeh". Huitika "abee", na huitika huku ashainuka. Mwanarusi alikuwa mzito wa kuinuka lakini mwepesi wa kuitika, na mama alimpenda kwa hilo. Dada yake mkubwa, Tima, mwembamba na mwenye mikono isiyotulia, alikuwa ashafika mbele ya mama kabla mdogo wake hajavaa ndara. Kitinda mimba ni kitinda mimba lakini, na Tima aliliona hilo tangu zamani.

Walipokuwa watu wazima Tima aliolewa kisiwani, Kibokoni, na mama alipoanza kuugua akahamia kwake ili awe karibu na hospitali. Mwanarusi akabaki ng'ambo ya Likoni. Kati yao kulikuwa na feri.

Mwaka juzi, mwezi wa Mfungo Mosi, saa za alasiri, Tima alipiga simu. "Mama amekuwa mzito. Tuko naye hospitali. Njoo sasa hivi." Mwanarusi aliacha sinia jikoni na makaa juu yake. Bodaboda ilimfikisha kivukoni, na pale juu ya mteremko akaiona feri iko chini, imejaa, inapiga honi. Watu walikuwa wakishuka mbio, wanampita huku na huku, wenye mizigo, wenye watoto mgongoni, hata bibi mmoja mwenye bakora. Mwanarusi akakimbia. Magoti yakakataa. Pumzi ikakatika, ndara moja ikakatika kigwe, na alipofika katikati ya mteremko ubao wa feri ukainuliwa. Alisimama pale, mguu mmoja peku, akiyatazama maji yanapanuka baina yake na ile feri.

Alivuka na feri ya pili. Alipofika hospitali, mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Tima alikuwa mlangoni, macho mekundu. Hakumkumbatia. Alimtazama mdogo wake kuanzia kisigino hadi mtandio, kama wanavyomtazama wale wa Timbwani, ila yeye hakusema mashaallah.

"Ungekuwa mwepesi ungemuwahi," alisema.

Neno hilo moja. Mwanarusi alilibeba matanga yote, amekaa pembeni ya mkeka, hata kulia akaona haya, maana aliona kama kilio ni haki ya waliowahi. Arubaini ilipokwisha alirudi Likoni, na tangu hapo dada wawili wa tumbo moja hawakupigiana simu, hata Idi zote hizo. Usiku akilala alisikia anaitwa. Si ndoto za kutisha, la, sauti tu ya mama kutoka chumba cha pili, kama zamani, akitaka aletewe maji. Alikuwa akifumbua macho na "abee" iko mdomoni tayari. Kisha anakumbuka. Alimtamani mamake kwa namna iliyomtia haya mwenyewe, mtu mzima na nyumba yake, anatamani aitwe tu, mara moja, aitike.

Ndipo akaanza kuwaza juu ya feri. Mama harudi, hilo alilijua, hakuwa mjinga. Lakini alitaka siku moja aikute feri inaondoka, akimbie, aiwahi. Kisha avuke, aende Kibokoni, abishe kwa dada Tima, amwambie, "Nimewahi." Alimweleza Rama habari hiyo wakiwa wanakunywa chai.

Rama akaweka kikombe chini. "Hivi mtu akitaka kusema na dadake si hupiga simu?"

"Si kwa neno hili."

"Mimi nilioa mtu, Mwanarusi. Ukikonda ukawa kama mwiko wa ugali, watu watasema sikulishi."

"Waache waseme."

Rama alimtazama, akaona hapana mzaha. Wiki iliyofuata alimletea raba za kukimbilia, nyeupe, za mtumba lakini nzima, akaziacha mlangoni bila kusema kitu. Huyo ndiye Rama.

Mwalimu wake alikuwa Lynnette, msichana wa bara aliyepanga chumba cha uani na kufundisha chekechea pale Shelly Beach. Alikuwa akikimbia kila asubuhi kabla ya kazi. "Usianze na fujo, mathe," alimwambia. "Twende mdogo mdogo. Unatembea nguzo moja ya stima, unakimbia nguzo inayofuata. Ukichoka, unatembea. Hakuna mtu anakufukuza." Mwanarusi alilielewa somo. Kilichomshinda Lynnette kumfundisha, maana hata yeye hakukijua, ni desturi za mtaa wetu.

Siku ya kwanza Lynnette alikuwa ameamkia zamu ya mapema, kwa hivyo Mwanarusi alitoka peke yake. Alikuwa ameswali alfajiri, akavaa suruali ndani, buibui juu, raba miguuni, na leso ya mama mabegani kwa ajili ya umande. Nguzo ya kwanza akatembea. Nguzo ya pili akakimbia. Kukimbia, basi, ni neno la heshima: mwili ulipanda na kushuka, ardhi ikaonekana kuwa mbali kisha karibu, na pumzi ilitoka na sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake. Jasho lilimwingia machoni, akawa anapangusa na pembe ya leso huku anakwenda.

Bi Mwanakombo alikuwa akifagia mbele ya nyumba yake. Aliinua kichwa akaona mwanamke mtu mzima, buibui linapepea, yuko mbio barabarani baada ya alfajiri, anafuta macho na kuhema kwa sauti. Pale Timbwani mwanamke mzima hakimbii. Hakimbilii gari, hakimbii mvua, na mwizi humwitia watu huku amekaa. Kuna jambo moja tu litakalomtoa mbio alfajiri, na Bi Mwanakombo alilijua.

"Innalillahi," alisema. Akatupa ufagio, akajifunga leso kiunoni, akaenda kugonga milango.

Mwanarusi alifika mpaka njia ya kushukia pwani, akageuka, akarudi akitembea, kichomi kimemshika ubavuni. Alipokaribia kwake akaona viatu. Viatu vya kike vimejaa kizingitini, na vya kiume kando ya kibaraza. Ndani wanawake walishatandika mkeka na kuondoa viti. Jikoni mtu alishainjika sufuria kubwa ya chai. Rama alikuwa nje na fulana yake ya kulalia, amekaa kwenye benchi katikati ya wanaume, anapewa mkono na kuambiwa pole, na kwa kuwa ameambiwa pole na watu wengi, machozi yalikuwa yakimtoka, ingawa hakuna aliyemweleza ni nani aliyekufa.

Bi Mwanakombo alimpokea Mwanarusi mlangoni, akamshika mabega. "Pole, mwanangu. Ni nani?"

Mwanarusi alitaka kusema ni mazoezi. Neno lilikuwepo, ni jepesi tu. Lakini hakuwa na pumzi ya kuchagua maneno, na lililotoka ni jingine.

"Mama," alisema.

Wanawake wakatazamana. Bi Mwanakombo akasema taratibu, kwa kuogopa kuwa huenda akili ya mwenziwe imeteleza, "Mamako twalimzika mwaka juzi, mwanangu. Mfungo Mosi."

"Ndiye huyo huyo," Mwanarusi akasema, akakaa kwenye mkeka na raba zake, akalia. Alilia kilio chote alichokuwa amekizuia Kibokoni. Aliwaeleza feri, na ndara iliyokatika, na shuka, na neno la Tima, mpaka hakubakisha kitu. Na wale wanawake, walikuwa washafika, mkeka ushatandikwa na chai ishaiva, wakaona hapana sababu ya kurudi makwao bure. Wakalia naye. Bi Mwanakombo alimlilia mamake mwenyewe aliyekufa zamani. Lynnette aliporudi jioni na kuulizwa yeye mwalimu gani asiyejua kuwa mtaa huarifiwa kwanza kabla mwanafunzi hajatoka mbio, alicheka hadi akakaa chini.

Tangu siku hiyo Mwanarusi alikimbia kwa ruhusa. Alfajiri zikisikika raba zake, Bi Mwanakombo alikuwa akitangaza kutoka barazani, "Laleni, si msiba. Ni Mwanarusi." Watoto wakalipokea hilo, likawa wimbo. Yeye hakujali. Alikuwa na taabu zake: mapaja yalichubuka akawa anayapaka mafuta ya nazi, magoti yalivimba, na siku nyingine alifika nguzo ya pili akaketi juu ya jiwe akijiuliza amechanganyikiwa na nini. Maji yakipwa Lynnette alimpeleka Shelly Beach, mchanga mgumu uliolowa, mguu hauzami, na huko pasipokuwa na wa kumwona alikuwa akikimbia mpaka kifua kinawaka. Kila alipotaka kusimama aliuona ubao wa feri unainuka. Akaongeza hatua chache, kisha akasimama.

Unene haukwisha. Ulipungua kidogo, buibui likalegea mabegani, na mtaa ukaanza mambo yake. "Mbona umechujuka, shoga? Rama ana nini?" Rama akawa anamnunulia maandazi mawili zaidi ili apate utetezi. Lakini pumzi ilirefuka. Mwezi baada ya mwezi nguzo za kutembea zilipungua na nguzo za kukimbia zikawa nyingi, mpaka asubuhi moja Mwanarusi alishuka mbio kutoka Timbwani hadi pwani bila kusimama, akafika, akageuka kuangalia nyuma kama kuna aliyeona. Palikuwa na kaa tu, wanaingia mashimoni.

"Sasa wawezaje kujua kwamba uko tayari?" Rama alimuuliza siku hiyo.

"Nitajua feri ikiniacha au isiponiacha."

Alichagua Jumamosi. Alipika mkate wa sinia mmoja, ule wa hiliki nyingi aliokuwa akiupenda mama, akaufunga kwenye kitambaa. Kivukoni hakushuka na watu. Alisimama juu ya mteremko kando ya muuza sharubati, akasubiri feri ijae, watu wa nyuma wapite, askari aanze kulivuta geti. Honi ikalia.

Akakimbia. Askari alinyoosha mkono akasema, "Mama, ngoja nyingine," lakini alishapita. Mteremko ule ule. Watu wachache waliochelewa walikuwa wakimpita, na mmoja ni yeye aliyempita, kijana mwenye gunia la mitumba, na hilo Mwanarusi atalisimulia mpaka kufa kwake. Magoti yalilalamika yakaendelea. Mkate ukawa unagonga kifuani. Aliona ubao unatikisika, akaona mkono wa mtu umenyooshwa kutoka ndani, akaushika, na mguu wake ukakanyaga chuma. Nyuma yake ubao ukainuka.

"Umewahi, mama," yule mtu alisema, akamwachia mkono, akarudi kwenye simu yake.

Neno lenyewe ndilo hilo, na amelisema mtu asiyemjua. Mwanarusi aliegemea chuma cha feri akihema, akingojea moyo wake ufurahi. Feri ikazunguka, ikashika njia ya kisiwani. Akawatazama watu wanaokaribia upande wa pili, na hapo ndipo ilipomfika vizuri kwamba amewahi na hakuna anayemngoja. Kule hakuna kitanda, hakuna shuka la kulizuia. Kama si mkate aliokuwa ameushika angejishika kichwa. Feri ilipotia nanga alishuka na watu, kwa kuwa kushuka ni lazima, akapanda tuktuk mpaka Kibokoni na jasho lake.

"Hodi."

"Nani?"

"Mwanarusi."

Akadhani ataachwa mlangoni. Kisha komeo likafunguliwa. Tima alikuwa amezeeka. Mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza, na mikono yake ile isiyotulia ilikuwa imetulia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Alimtazama kuanzia raba. "Nasikia wakimbia huko ng'ambo mpaka watu wanatandika mikeka."

"Leo nimeikuta feri inaondoka, dada. Nimekimbia. Nimewahi." Alikuwa amelitayarisha neno hilo miezi mingi, liwe kali, limchome. Lilitoka na kilio ndani yake, kama la mtoto anayeonyesha goti.

Tima alimvuta ndani, akamkalisha, akamletea maji, akasimama mbele yake akimtazama anavyokunywa na kuhema.

"Hivyo hivyo," Tima alisema. "Mlio ni huo huo."

"Mlio gani?"

Tima akaketi. "Ngoja niseme, na usinikatize, nikikatizwa sitasema tena. Siku ile mama alikuwa haoni. Macho yako wazi lakini haoni. Hataki maji, hataki kitu, yuwaita tu. 'Mwanarusi.' Akinyamaza kidogo, tena, 'Mwanarusi.' Mimi nimemshika mkono. Miezi yote ile nimemuosha mimi, nimemlisha mimi, nimemgeuza ubavu mimi. Jina langu hakulitaja hata mara moja." Alikunja pembe ya leso yake, akaikunjua. "Mwisho sikuweza tena kumsikia akiita na hapana wa kumjibu. Nikaitika. Nikasema, 'Abee, mama.'"

Mwanarusi aliweka gilasi chini.

"Nilikuwa nalia, pumzi zanipaa. Akazisikia. Akasema, 'Wahema, umekuja mbio?' Nikasema, 'Naam, mama, nimekuja mbio.' Akasema, 'Siku zote nakwambia usikimbie, mwanangu. Ushafika. Pumzika.' Akanipapasa kichwa. Hakusema tena." Tima alifuta macho kwa kiganja, kwa hasira, kama anayefukuza nzi. "Kwake yeye ulifika, Mwanarusi. Amekufa ukiwa mbele yake. Mimi niliyekuwapo ndiye ambaye hakunijua. Ulipotokea mlangoni na miguu yako miwili nikataka na wewe uumie mahali. Ndipo nikakwambia neno lile, nikakuficha hili."

Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake. Mwanarusi alitafuta hasira aliyokuwa nayo juu ya dadake, akaikuta, ikiwa kubwa tu, lakini pembeni yake pamekaa mwanamke mwembamba anayeitika kwa jina lisilo lake. Akaufungua mkate. Tima akaunusa.

"Hiliki ya mama," Tima alisema.

"Kula, dada Tima," Mwanarusi akasema, na akalirudia lile jina, "Tima," taratibu, kama mtu anayemwita mwenziwe kutoka chumba cha pili.

Tima alikuwa ameinamia mkate. Bila kuinua uso aliitika, "Abee," kisha akauziba mdomo kwa kiganja, maana mkubwa hamwitikii mdogo hivyo.

Mwanarusi aliondoka jua limeanza kupoa. Kivukoni upande wa kisiwani geti lilikuwa wazi na feri iko chini, imejaa, inapiga honi. Watu walianza kumpita mbio huku na huku. Raba zilikuwa miguuni, pumzi alikuwa nayo, na mteremko ulikuwa wazi mbele yake. Aliendelea kutembea.

Mchukuzi mmoja wa mkokoteni alimwonea huruma. "Mama, kimbia, itakuacha."

"Iende tu, baba," Mwanarusi alisema, machozi yakimshuka bila kuyafuta. "Nimeambiwa nisikimbie."